Lori Dogo Lililomsubiri Baba

Baba aliniletea lori la rimoti mwaka ambao maduka ya Songea yalianza kujaa vitu. Kabla ya hapo tulizoea kupanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari. Sasa rafu zilikuwa na biskuti za kila rangi, redio zenye taa na viatu vya plastiki vilivyonukia upya. Mwaka huohuo ofisi ambayo baba alikuwa akiiendeshea malori ilifungwa. Malori yakaegeshwa uani mpaka nyasi zikaota katikati ya matairi, naye akapata kazi kwa mfanyabiashara mmoja aliyesafirisha mahindi. Zamani alikuwa akienda Namtumbo kupakia tumbaku na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Safari mpya zilimpeleka Dar es Salaam, halafu Mbeya, halafu Tunduma mpakani, na sisi mtaani kwetu Lizaboni tukaanza kuzoea nyumba isiyo na koti lake nyuma ya mlango.

Nilikuwa mtoto pekee wa baba na mama, msichana wa darasa la nne. Baba hakuniita kwa jina langu. Aliniita Bibi, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na aliponikabidhi lile boksi alisema, "Bibi, leo na wewe umekuwa dereva."

Lilikuwa lori jekundu, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, lenye matairi makubwa ya mpira na taa mbili za mbele zilizowaka kwelikweli. Rimoti yake ilikuwa na antena ndefu ya kuvuta. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea barazani, alisimamisha mguu wake kwenye pedeli akalitazama likipita chini ya meza yake. "Huyu baba yako," alisema, "hata akija nyumbani anakuja na lori."

Siku baba alipotakiwa kuondoka tena, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na kukatika mchana. Barabara ya mbele ya nyumba yetu ilikuwa imechimbwa na magari, na katikati ya nyayo za matairi kulikuwa na tope jekundu zito. Baba alichukua rimoti akachuchumaa pale ukingoni, suruali yake safi ya safari ikigusa ardhi.

"Angalia, Bibi. Kwenye tope hukanyagi mafuta kwa hasira. Unaingia polepole, unaliacha lishike lenyewe."

Lori likaingia polepole, likazama mpaka kwenye bampa, likatoka upande wa pili likiwa halina rangi. Nilipiga makofi. Akalirudisha. Akalipitisha tena, sasa mahali penye kina zaidi, na nikaona uso wake umekuwa wa kijana, midomo imebana kama mtu anayepandisha mlima wa kweli na mzigo wa kweli. Katikati ya dimbwi lori lilitetemeka, taa zikafifia, likanyamaza. Alibonyeza na kubonyeza. Kisha honi ikalia kutoka kona ya barabara. Lori la tajiri wake lilikuwa limefika, na utingo ameshaning'inia mlangoni akimpungia.

Baba aliingia kwenye dimbwi na viatu vyake, akaliokota lori, akanipa likidondosha tope. "Usiliguse," alisema. "Nikirudi tutalifungua wote wawili." Akanawa mikono kwenye ndoo ya mama, akamuaga, akaondoka.

Nililiweka juu ya gazeti kando ya kitanda changu. Tope likakauka, likapasuka, likawa gamba. Kila siku nikitoka shule nilikaa kulitazama bila kuligusa, nikiamini kwamba kwa kutoligusa namfanya baba arudi. Mwezi ukapita. Utingo wake alipita siku moja na salamu: baba mzima, ila mzigo umebadilika, ametumwa upande wa pili wa mpaka, atachelewa kidogo. "Na amesema lile gari lisubiri," aliongeza akicheka. "Amesisitiza kabisa."

Tukasubiri. Mvua ziliendelea na nyumba ilikuwa na unyevu kila mahali, hata nguo kabatini zilinuka ukungu. Jioni moja mama alikuja kunitandikia kitanda, akaliinua lori, akaligeuza, akalisogeza karibu na macho yake. Kichwa cha skrubu mojawapo kilikuwa kimeanza kuota kutu.

"Hili likikaa hivi litaoza," alisema.

"Baba alisema tusiliguse."

Mama alilirudisha lori juu ya gazeti. Siku hizo wateja wake walikuwa wamepungua kwa sababu ya mitumba; mtu alipata gauni zima sokoni kabla mama hajamaliza kupima kiuno. Muda alikuwa nao, na nadhani alikuwa na hasira pia, ingawa mimi sikuijua ilikuwa ya nini.

"Baba yako alisema atarudi," alijibu. "Kesho ukitoka shule tutalifungua."

Tulifanyia kazi barazani, juu ya ungo uliotandikwa kitambaa cheupe ili kitu kisipotee. Nilitaka kumwagia lori maji, akanizuia mkono. "Maji ndiyo yaliyoliua." Tukatoa tope kavu kwa njiti za ufagio, kipande kwa kipande, kisha kwa mswaki wa zamani ulioloweshwa kidogo tu. Chini ya tope rangi nyekundu ilitokea tena, imekwaruzika. Kwenye ekseli ya nyuma kulikuwa na nyasi zilizojisokota pamoja na uzi wa pamba, na mama akacheka. "Uzi wangu huu. Hata cherehani huwa inakwama hivihivi." Alizikata kwa wembe na kuzivuta kwa kibano.

Kwa bisibisi ndogo ya cherehani alifungua tumbo la lori. Kila skrubu aliyoitoa alinipa niiweke kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka. Ndani, tope lilikuwa limeingia hadi kwenye giya, limekauka kati ya meno ya plastiki. Sehemu ya betri ilikuwa imeota unga wa kijani. Tuliondoa betri zilizovimba, tukasugua vile vichuma kwa msasa mpaka vikang'aa, tukafuta giya kwa unyoya wa kuku, tukaanika kila kitu juani siku nzima, mama akikatiza kushona kila mara wingu lilipopita ili aangalie kama mvua inakuja.

Tulipoweka betri mpya, lori halikusema kitu. Nililia. Mama hakunibembeleza, alivuta kigoda.

"Tusilie kabla ya kujua ugonjwa. Rimoti inawaka?"

Ilikuwa inawaka, taa yake ndogo. Tulipoisogeza karibu na redio yetu, redio ikakwaruza kila nilipobonyeza. Basi rimoti nzima. Mama akachukua vipande viwili vya waya, akagusanisha betri na mota moja kwa moja. Mota ikazunguka kwa nguvu hata nikaruka. Basi mota nayo nzima. "Ugonjwa uko katikati," alisema, akainamisha kichwa, akaanza kuzungumza Kingoni kwa sauti ya chini, kama alivyozungumza na cherehani ilipomgomea. Alifuata kila waya kwa ncha ya sindano. Karibu na swichi, waya mmoja mweusi uliinuka na sindano yake. Ulikuwa umekatika kwenye risasi iliyougandisha kwenye swichi, umefichwa na kidonge cha tope.

Alipasha msumari kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo, akagusa ile risasi ya zamani. Iliyeyuka kidogo, nami nikaushikilia waya pale kwa kibano mpaka ikaganda. Tukajaribu. Lori likaruka juu ya ungo likaanguka sakafuni likiwa bado tumbo wazi, magurudumu yanazunguka. Ila lilikata kushoto tu. Tukalifungua tena upande wa mbele na kukuta kijiwe kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kimebana usukani.

Jioni ile lilizunguka baraza yetu yote. Mama alichukua rimoti, na baada ya kugonga ukuta mara kadhaa alijifunza kugeuza. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba aondoke.

Baba alirudi mvua zikiwa zimekwisha, mahindi yanakauka mashambani. Nilimwona akitokea kwenye kona na begi lake na mfuko wa nailoni. Sikukimbia kumpokea. Nilikuwa nimejiandaa: nililiweka lori mlangoni, nikalituma likampokee. Likashuka barazani, likavuka uwanja, likasimama mbele ya viatu vyake na taa zake zikiwaka.

"Shikamoo baba," nikapaza sauti.

"Marahaba." Alikuwa analitazama lori. "Nani amelitengeneza?"

"Mimi na mama."

"Aa," alisema. "Vizuri. Vizuri sana."

Alilizunguka akaingia ndani. Ule mfuko wa nailoni akausukuma chini ya kiti chake, na mimi, kwa udadisi wa mtoto, nilichungulia alipokwenda kuoga. Mfukoni mlikuwa na seti ya bisibisi ndogo ndani ya pochi, betri mpya, kopo dogo la grisi na brashi laini. Vyote vipya. Nilibaki nimechuchumaa pale, nikivitazama kimoja kimoja. Nilienda jikoni kumwambia mama. Alikuwa anageuza dagaa wa Nyasa kwenye kikaango. Alisikiliza bila kugeuka.

Wakati wa kula mama alimwongezea baba ugali, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lile gari mimi sikulimaliza. Giya sikuzitia grisi, nilipaka mafuta ya cherehani tu. Na ule waya nimeugandisha kwa msumari, siuamini. Ungeliangalia."

Baba aliinua macho. "Mafuta ya cherehani ni mepesi mno," alisema. "Yanakimbia."

"Ndiyo nasema, uliangalie."

Kesho yake asubuhi baba alitandaza gazeti barazani akaniita. Tulilifungua upya lori lililokuwa zima. Alinionyesha jinsi ya kushika bisibisi isiteleze na kula kichwa cha skrubu, na jinsi ya kupaka grisi kidogo tu, maana ikizidi inashika mchanga. Alisugua tena vichuma ambavyo tulishavisugua. Aliziba maungio ya boksi la betri kwa nta ya mshumaa, akiipitisha taratibu na kidole gumba chake kipana chenye kucha iliyopasuka. Aliniuliza tuligunduaje kwamba rimoti ni nzima, nikamweleza habari ya redio, akatikisa kichwa akasema, "Mama yako huyo." Pale kwenye cherehani mguu wa mama uliendelea kukanyaga, polepole kuliko kawaida.

Hiyo ndiyo asubuhi ninayoitamani. Nimekaa na watu wengi tangu hapo, nimekaa kwenye baraza nzuri kuliko ile, lakini nikifumba macho nataka harufu ya grisi na nta ya mshumaa, na bega la baba likinigusa kila alipogeuza mkono.

Aliondoka baada ya wiki. Safari hii hakuacha ahadi yoyote, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumsubiri. Mvua mpya zilipoanza, nilitoka na lori barabarani, nikaliingiza kwenye tope lenye kina kuliko yote. Nilitaka life. Nilitaka kumwambia utingo amwambie baba kwamba limekufa tena na sisi hatutaligusa. Lakini nta na grisi zilifanya kazi yake. Liliingia na kutoka, liliingia na kutoka, hata nikachoka nikarudi nalo nyumbani limejaa tope, taa zinawaka.

Alikuja tena mara chache, kila mara kwa siku pungufu. Nilipokuwa sekondari tuliambiwa wazi kile mama alichokuwa ameshakijua, kwamba Tunduma alikuwa na nyumba na watoto. Mama hakupiga kelele. Alihamishia cherehani chumbani, akaanza kushona sare za shule, na maisha yakaenda. Lori nililiacha kwa binamu zangu wa Ruhuwiko, nikasikia walilitumia mpaka matairi yakaisha.

Nilipoanza kazi nilisafiri hadi Tunduma kumwona. Alikuwa ameacha kuendesha kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Tulikaa nje ya nyumba yake, mkewe akatuletea chai na akatuacha. Tulizungumza habari za barabara ya Njombe, na bei ya mahindi, na shangazi aliyekuwa anaumwa. Chai ilipokwisha aliuliza, "Mama yako bado anashona?"

"Bado anashona."

Akatikisa kichwa, akatazama malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani. Aliponisindikiza stendi aliniita Bibi, mara moja tu, akinipandishia begi.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Ndugu zake walimleta kumzika kijijini kwao, mbele ya Hanga, na mama alikwenda. Alikaa na wanawake wengine kwenye mkeka, kanga imefunika kichwa, akamsalimia yule mke wa Tunduma na kumpa maji ya kunywa. Tulipokuwa tukirudi Songea, ndani ya gari, aliniuliza kama nilipokwenda kule baba aliwahi kuulizia habari zake.

"Aliuliza kama bado unashona," nikamwambia.

Mama aligeukia dirisha. Mahindi yalikuwa mabichi pande zote mbili za barabara, na aliyatazama mpaka tulipofika mjini.