Ukuta wa Fosi ya Commandant

Raia wote, wenye choo na wenye kichaka, mujulishwe: Butembo ilipata profesa asiye na hata diploma moja. Ni Kakule Phinées, fundi wa fosi septik, yale mashimo ya kupokea maji ya choo, mutu ambaye hata kwenye misa waamini walimwachia benchi nzima.

Alikuwa na imani moja: ukuta ndio unaochagua wakaaji. Kila fosi aliyoijenga ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kimefungwa kabisa, cha vidudu vinavyochukia hewa na kula uchafu polepole. Cha pili kina changarawe na bomba la upepo, cha vile vinavyotaka kupumua. Katikati, ukuta wenye tundu moja, ili maji yakawie. Maji yakikimbia, vidudu vya polepole vinabebwa kabla ya kuzaa.

Mwaka 2000 commandant mmoja wa waasi alijipatia nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, yenye fosi iliyojengwa na Phinées. Askari wake walikuwa arobaini. Wakaona fosi ni ndogo, wakabomoa ule ukuta ili kupata nafasi. Nafasi ilipatikana. Mavi yakapita moja kwa moja hadi bomba la kutokea, chini ya dirisha la salon, sebule ya wageni.

Phinées akaitwa.

"Dimanche ya wiki ijayo, siku kumi kutoka leo, minapokea bakubwa kutoka Beni. Kukinuka, ile maji utaikunywa."

"Mais, mon commandant, bidudu habiko basoda, habiko askari bako. Habizaliwe na ordre."

"Siku kumi."

Akajenga ukuta upya. Kisha akabeba ndoo mbili za tope jeusi kutoka fosi yake mwenyewe, akapita nazo katikati ya soko, akazimwaga mule ndani kama chachu. Siku ya nane maji yalitoka meupe, bila harufu. Phinées akalala usingizi.

Siku hiyohiyo adjudant Salomon, mpenda usafi mbele ya wakubwa, akamwaga chooni bidon tatu za Javel, dawa kali ya kuua vidudu. Akarudia kila asubuhi.

"Umebiua byote," Phinées alimwambia.

"Papa, hapa tunaua na batu. Nani analia?"

Dimanche, ile Jumapili ya wageni, harufu iliingia salon kabla ya supu. Wakubwa wakafunika pua kwa bereti. Commandant akachagua glasi nzuri kabisa ya mwenye nyumba, ikajazwa kwenye bomba la kutokea. Phinées akakunywa yote, wageni wakicheka hadi machozi.

"Donc, profesa, elezea bageni. Iko na ladha gani?"

Phinées akajipangusa midomo.

"Ya Javel."