Niliona Pembe Ikitoka Kwenye Koti, Nikanyamaza

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji, maana huku kwetu Kibondo watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka 29, nimeolewa, nina watoto watatu, na kanisani ni kiongozi wa maombi ya akina mama. Naandika huku nalia, mnisamehe nikichanganya maneno.

Najua humu kila siku mnawasema mama wakwe. Wangu mimi alinipenda kuliko mama aliyenizaa. Nilipoolewa nilikuwa mwoga wa kupindukia. Bundi akilia silali, mtoto akipata homa nawaza nani kamtazama vibaya. Huyo mkwe, ambaye namwita Mama, ndiye aliyenifundisha kuomba. Tukiwa tunapukuchua maharage ananiambia, "Mwana wanje, mwanangu, ukishaomba nenda kalale. Usibaki kumchunguza Mungu kama amesikia." Basi tunacheka, na kweli nikaanza kulala.

Mwaka jana watoto wawili wa majirani walifariki kwa homa ndani ya mwezi mmoja. Wakaitwa kamchape, wale watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakidai wanachimbua uchawi. Kila nyumba ilitakiwa ikaguliwe. Mama akasimama mlangoni kwake akakataa. "Nyumba hii nimeikabidhi kwa Yesu," akasema, "siyo kwa mtu mwenye kioo na jembe." Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wanawake wakawa wananyamaza nikifika kisimani, na mtoto wangu mkubwa akarudi kutoka shuleni analia kwamba wamemwita mjukuu wa mchawi.

Woga wangu wa zamani ukarudi wote. Siku moja Mama alikwenda msibani Kumsenga, akaniachia ufunguo nimwangalizie kuku. Nikajiambia, kwani mle ndani kuna nini? Kamchape wakiingia wakakosa kitu, si ndiyo mwisho wa maneno? Nilijua nyumba ni safi, ila nilitaka na watu wajue. Nikaenda kuwaita mwenyewe, nikafungua mlango kwa mkono wangu huu.

Walichimba karibu na kizingiti. Umati ulikuwa nje, mimi nimesimama ndani nyuma ya mchimbaji, mwanaume wa makamo aliyevaa koti kubwa kwenye jua lote lile. Nikaona kwa macho yangu pembe inateleza kutoka kwenye mkono wa koti na kudondokea shimoni. Akageuka, akajua nimeona. Alinitazama tu, nami nikaelewa kwamba nikifungua mdomo pembe ya pili itachimbwa kwangu. Akaiinua juu, watu wakapiga kelele. Na mimi nikapiga kelele pamoja nao.

Mama aliporudi alikuta paa limeshabomolewa. Walimrushia mawe, yeye anauliza kitu kimoja tu, "Nani kawafungulia?" Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake na sikujibu. Mume wangu akampakia kwenye pikipiki damu ikimtoka juu ya jicho, akampeleka kwa kaka wa Mama anayeishi Kagerankanda, kule Kasulu. Tangu hapo hajaenda kumtembelea, kwa sababu na yeye aliamini ile pembe.

Kinachoniua zaidi ni kwamba watu walinisifu. Eti nimekuwa jasiri, sikumficha mchawi kwa kuwa ni ndugu. Hata kanisani ndivyo nilivyochaguliwa uongozi. Kila Alhamisi nawafundisha wanawake wenzangu kwamba mtu wa Mungu haogopi, wanaitikia amina, nami narudi nyumbani nimejichukia.

Sasa juzi Mama kapiga simu, akanisalimu kwa lugha yetu ya nyumbani. "Mwakeye, mwana wanje. Watoto wamekua?" Kisha akasema Jumamosi anarudi, atalala hata jikoni, kaburi la mume wake liko hapa na hawezi kufia kwa kaka. Nikamwambia Mama watakuua. Akasema, "Imana iriho. Mungu yupo, na nimechoka kujificha kama mwizi." Kisha akaongeza kwa upole kabisa, "Najua ni wewe uliyefungua, ufunguo nilikupa wewe. Nilikusamehe siku ile ile." Nililia mpaka watoto wakaja kunishika. Mambo ya koti yeye hayajui hadi leo.

Jioni nikamwambia mume wangu kila kitu. Akainama, akashika kichwa. Nilidhani atanipiga, kumbe alikuwa analia. Kisha akasema, "Ukiyatoa hayo watatuchomea na sisi. Mama akae huko huko, nitakwenda kumwomba radhi." Lakini Mama hazuiliki. Vijana wameshaapa kwamba akikanyaga hapa wanamchoma, na Ijumaa saa nne kuna mkutano wa kijiji kuamua habari zake. Aliyeona ile pembe inatoka wapi ni mimi peke yangu.

Nimefunga siku tatu nikiomba ujasiri na haujaja. Kila nikifumba macho naliona lile koti. Naogopa kwa ajili ya wanangu, naogopa moto, naogopa hata sura za wale wanawake wa Alhamisi wakijua nilivyo. Msiniambie polisi, kituo kiko mbali na hao kamchape waliletwa na viongozi wetu wenyewe. Na tafadhali msiniandikie tu nimtumaini Mungu, hayo nayafundisha mwenyewe.

Nawauliza ninyi mliowahi kusimama mbele ya watu na kusema ukweli unaoweza kuwaangamiza. Mlingoja kwanza hofu iwatoke, au mlisimama nayo hivyo hivyo? Nifanyeje mimi, ndugu zangu? Nijibuni upesi, Mama ameshafunga mizigo yake.