Kunde Kumi Zozote

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa kusoma takwimu chuoni, na nilikuwa mtu wa kuchosha. Nilirudi nyumbani Kalamba na wastani wa kila kitu mdomoni. Mama alinivumilia jinsi anavyovumilia kuku wanaoingia jikoni.

Mvua ilikuwa imekaribia, na mbegu yetu ya kunde ilikuwa ndoo moja tu. Majirani hawakuwa na ya kutuazima. Wadudu walikuwa wameshaiingia ndoo hiyo. Kama kunde hizo zingekataa kuota, tungekaa msimu mzima bila kunde wala majani yake, na mboga yetu ni hiyo.

Nikamwambia mama tusibahatishe. "Mwaitu, toa kumi zozote, tuzilaze kwenye gunia lililoloa. Hizo kumi zitatuambia habari za ndoo yote."

Siku ya nne zote kumi zilikuwa zimeota. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi sikufurahi, maana nilikuwa nimemwona: kila aliyoshika yenye tundu aliirudisha ndooni.

"Nilisema zozote."

"Si ndizo hizo?"

"Ulichagua nzuri."

"Sasa nishike mbovu na ninaiona? Hiyo kusoma yenu ni ya aina gani?"

Nikamfunga macho kwa leso, tuanze upya. Vidole vikaendelea vilevile: vinapapasa, vinakuta tundu, vinaachilia. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mwalimu wetu huliita kosa hilo upendeleo, na hulitaja kwa uso uliokunjamana. Mimi nilimpenda mama mno saa ile.

Lakini kunde hazijali mapenzi. Nikachota kwa kijiko juu, katikati na chini kabisa, nikachanganya, nikahesabu ishirini bila kuzibagua. Baada ya siku nne nyingine zikaota tisa. Nikamweleza polepole kwamba kijiko kingine kingeweza kutupa saba, au kumi na moja, lakini kwa vyovyote vile, karibu nusu ya ndoo ilikuwa imekufa.

Nikaogopa kwamba nimemvunja moyo kwa hesabu zangu. Kisha akaleta uteo, akamwaga kunde kidogo, akaanza kuzichagua, yenye tundu huku, nzima huku.

"Unasema zile kumi zangu zilidanganya," akasema bila kuinua macho. "Wacha basi nifanye ndoo yote ikuwe kama hizo kumi."

Ilituchukua siku tatu. Nilikaa naye nikichagua, na kila mara mkono wake uliingia kwenye rundo langu ukatoa mbovu nilizozipitisha. Mvua ilipokuja, mbegu ilitosha nusu ya shamba tu. Nusu hiyo ikaota karibu yote, tukala mboga.