Fundi na Mikro Mpya ya Korali

Fundi wa sauti wa korali, kwaya ya mtaa wa Ngagara, hupangusa kila mikro ya waimbaji kwa pindo la shati, huigonga kwa ukucha, kisha husikiliza amefumba macho. Siku hiyo Laure, mwimbaji wa solo, alisimama mbele, mwana mgongoni. Prezida, kiongozi wa korali, alikuwa amechomeka mikro mpya moja kwa moja kwenye kinanda, sauti ya Laure haikutoka, naye akasema, "Laure hana sauti. Solo apewe mwingine." Fundi akang'oa waya. "Apana, prezida! Hii mikro inataka umeme wa preampli, kinanda haina! Usimsingizie mama wa watu!" Akaichomeka kwenye preampli, kisanduku kinachoipa mikro umeme, akamgeukia Laure kwa hasira ile ile: "Imba, mama. Imba mpaka huyu akome."