Filamu ya zamani isiyo na dude, iliyomfunga mwanangu mdomo kwenye mpunga

Wakuu, salamu zenu, hasa nyinyi mnaobishana humu tangu juzi ni filamu ipi ya kutisha kuliko zote.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo msinitafutie lugha tamu. Yote ni kweli tupu. Anayebisha apande gari mpaka Garsen, avuke mto aje kijijini kwetu Wema, nitamwonyesha shamba, mtoto, na mwenye kibanda cha video.

Tuanze na huyo wa kibanda.

Anaitwa Buya. Ni mdogo wa mume wangu, kwa hiyo ni shemeji, la sivyo ningekuwa nimeshamkata masikio. Ana projekta, jenereta, spika mbili na shuka jeupe. Filamu mpya kila mtu anaziona kwenye simu, basi yeye anapakua za miaka ya hamsini, zile nyeusi na nyeupe ambazo hata waliozitengeneza walizisahau. Anashika maiki, anatafsiri kwa Kiswahili.

Kutafsiri nasema kwa heshima tu. Kiingereza chake nakijua, tulisoma sekondari moja. Anazua.

Nimeona nyingi za hizo. Kuna ya mtu-mjusi mwenye zipu mgongoni, akiinama unaona soksi. Kuna ya kabichi inayonyonga watu, na profesa amesimama pembeni na kiko mdomoni anasema "ajabu sana" wakati mkewe anaburutwa. Mwanamke wa filamu hizo hawezi kukimbia hatua kumi bila kuanguka, hata pakiwa tambarare kama uwanja wa shule.

Kuna ya chombo kutoka Mirihi. Chombo chenyewe mfuniko wa sufuria, na uzi unaokishikilia unaonekana wazi. Watu wakaanza kuzomea. Buya kwenye maiki, bila aibu: "Watazamaji, hiyo ni waya ya stima. Mirihi umeme umefika kabla ya Wema."

Tulicheka mpaka tukalia.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kuogopa sinema. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Sasa ile moja.

Jina lake silijui, mwanzo wa faili ulikuwa umekatika. Sikuwepo. Jumamosi mchana nilikuwa kliniki na mtoto mchanga. Nyanya wa mume wangu, ambaye anapenda sinema kuliko uji, alimchukua binti yangu Hadulu, miaka mitano, wakaenda kukaa mbele kabisa.

Nilivyosimuliwa baadaye ni hivi. Jiwe linaanguka kutoka angani, linazama kwenye kinamasi. Ukungu unafunika matete. Halafu watu wanaanza kuitwa majina, kila mmoja kwa sauti ya mtu wake anayempenda. Anayeitika anaingia kwenye matete na harudi.

Basi. Hakuna dude. Nadhani bajeti ya dude ilikwisha, wakabaki na moshi na sauti. Na hapo ndipo waliponishinda, wakuu. Zipu ukiiona unacheka. Sauti huwezi kuiona zipu yake.

Buya naye akaongeza chumvi. Kinamasi akakihamishia hapa kwetu, nyuma ya mashamba ya mpunga. Akasema kwa ile sauti yake ya spika: "Ukiitwa usiitike. Hata kama ni mamako. Tazama uso kwanza."

Filamu ikafika mahali sauti ya mama inaita, na mtoto wa kwenye filamu anafungua mdomo ajibu.

Jenereta ikazima. Petroli imekwisha. Watu wakaenda nyumbani.

Nilipomhoji Nyanya, alikuwa ameduwaa kidogo. Akasema, "Mimi picha hiyo nilishaiona nikiwa msichana. Lilikuja gari la sinema pale Garsen, wakatundika shuka. Siku zote walituonyesha mambo ya kunawa mikono na kuchimba vyoo. Siku hiyo nadhani walikosea mkebe wa filamu."

"Iliishaje?" nikamwuliza.

"Ilizimika. Palepale." Akatema tumbaku. "Kumbe bado haijaisha tu?"

Nikaona ni uzee.

Lakini tangu Jumamosi hiyo Hadulu akaacha kuitika.

Mnajua kwetu mtoto wa kike akiitwa anasema "abee". Hadulu kimya. Namwita, kimya. Nikadhani kiburi, nikaandaa kofi. Ndipo nikamwona: alitoka nje polepole, akanizunguka, akanitazama usoni, ndipo akasema, "Abee."

"Mbona huitiki nikikuita?"

"Nilikuwa naangalia kama ni wewe."

Kwa mtu wa mjini hilo ni la kuchekesha. Huku si la kuchekesha, na nitaeleza kwa nini.

Mpunga ukianza kukomaa tunahamia madunguni alfajiri. Dungu ni kijukwaa cha miti, unakaa juu na kamba zilizofungwa makopo, ndege wakishuka unavuta, makopo yanalia. Ukichelewa, ndege wamekula mwaka wako. Mchanga namwachia Nyanya, Hadulu nakaa naye juu, kwa sababu akiwa chini mpunga umemzidi kimo.

Ndiyo maana mtoto wa huku hufundishwa jambo moja hata kabla ya kusalimia wageni: ukipotea shambani, simama, usitembee. Mamako akiita, itika. Sauti yako ndiyo itakayofuatwa. Kwa sababu viboko hupanda usiku kula mpunga, na asubuhi ya ukungu wapo wanaochelewa kurudi mtoni. Kiboko akikuta mtu kwenye njia yake ya kurudia maji, hapigi hodi.

Mtoto asiyeitika, huku, ni mtoto aliyepotea mara mbili.

Siku ya Jumatano ukungu ulikuwa mzito, dungu la jirani huoni. Kamba yangu moja ilinasa. Nikamwambia Hadulu akae, nikashuka kuinasua, si mbali. Nikarudi.

Dungu tupu.

Nikaita. Kimya.

Nikaita tena kwa nguvu, ndege wakaruka, wakatua tena. Chini nikaona nyayo. Si za mwanangu. Kubwa, mbichi, maji bado yanajaa ndani yake.

Wakuu, kuna kuita mtu asiyesikia. Na kuna kuita mtu unayejua anasikia, amefumba mdomo, anangoja kuona uso wako. Nilikuwa naita, na kila nikiita najua namtisha zaidi. Nikinyamaza nampoteza.

Halafu nikasikia, upande wa mtoni, mpunga unavunjika. Polepole. Kitu kizito.

Dungu la Buya ndilo la karibu. Nilikimbia kwa kukumbuka tuta, nikamshika mguu nikamvuta nusura aanguke.

"Shemeji! Una nini?"

"Hadulu yuko ndani ya mpunga na haitiki. Maliza filamu."

"Nini?"

"Ile filamu yako. Imalize. Sasa hivi."

"Shemeji, siijui inaishaje. Jenereta ilizi..."

"Zua, mjinga wewe! Si ndiyo kazi yako? Kabichi ulijua kuisemea, hii inakushinda?"

Buya akachukua mtungi wa plastiki uliokatwa matako, ule anaotekea maji, akaingiza mdomo. Sauti ikatoka ileile ya spika, ikatandaa juu ya ukungu:

"Watazamaji wapenzi, karibuni tena. Tuliachia pale mtoto anapoitwa."

Mpunga ule wa mtoni ukanyamaza.

"Sasa mtoto huyu ni mwerevu. Anajua sauti huigwa. Lakini, watazamaji, lile jiwe haliwezi kuiga leso. Tazameni, juu ya dungu, amesimama mwanamke mwenye leso nyekundu. Huyo ndiye mama wa kweli. Mtoto anatazama. Anaiona leso."

Nilikuwa nimeshapanda dungu lake. Nikaivua leso kiunoni, nikaiinua kwa mikono miwili juu kabisa, mpaka mabega yakauma.

"Na mtoto," Buya akasema, sasa analia ndani ya mtungi, "mtoto akafungua mdomo, akasema..."

Akanyamaza.



"Abee."

Hakuwa mbali, ndiyo maana leso aliiona hata kwa ukungu ule. Alikuwa katikati ya mpunga, upande wa mtoni, mguu mmoja tayari kwenye njia ya kiboko. Nilimbeba kama gunia na sikusimama mpaka barabarani. Nyuma yetu kitu kiliingia majini kwa kishindo.

Hapo ningemaliza, niwatukane wenye vibanda vya video, nilale. Lakini niliahidi kweli tupu.

Nilipomkalisha nilimwuliza kwa nini alishuka.

Akasema, "Uliniita."

"Nilikuita baada ya kukukosa."

"Hapana. Kwanza uliniita kule mtoni. Nikaenda kukuangalia uso. Halafu ukaniita na huku. Nikasimama."

Nikamgeukia Buya, nikitaka acheke. Hakucheka. Alikuwa amekumbatia mtungi wake.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa macho. Nilikusikia unamwita kule mtoni. Ndiyo maana uliponishika mguu nilikuwa naangalia upande ule mwingine."

Mtoni sikwenda. Nasema tena, sikwenda. Huku kwetu ni tambarare, hakuna mlima wa kurudisha mwangwi, na kama ni mwangwi hauwezi kutangulia sauti yenyewe. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne, hilo silihitaji kuelezwa na mtu.

Nilichojifunza? Kwanza, ukimtishia mtoto wa watu, mfikishe mwisho. Hadithi ya kutisha iliyokatwa katikati haikai kwenye shuka lako, inahamia nyumbani kwangu. Buya sasa anapima petroli mbele ya watu kabla hajawasha, na watoto hawakanyagi pale, na Nyanya anakaa nyuma.

Pili, simwiti tena Hadulu kwa mbali. Nikimtaka namwendea alipo, namshika bega.

Na leso ile nyekundu siivui. Juzi nilijaribu ya kijani, akasimama mlangoni akakataa kuingia. Nikaenda kubadilisha bila neno. Nimeivaa kanisani, nimeivaa kliniki, imepauka, inanuka moshi, majirani wanauliza kama nina moja tu. Wacha waulize.

Haya, uwanja wenu. Wabishi mje, wenye fizikia mje, mnaosema ni kiboko tu nawakaribisha kwa mikono miwili. Na kama yupo mzee wa filamu humu aliyeiona ile mpaka mwisho, aandike inaishaje.

Ila kama inaisha vibaya, nyamaza. Mwanangu ameanza kujua kusoma.