Mchele kwa Mtu Asiye na Jiko

Katika mwaka wangu wa tatu Doha, nikifanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya meno, nilikuwa mpiga picha wa kikundi chetu cha msaada. Hakuna aliyenichagua. Simu yangu ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri, basi. Kwenye wasapu tulikuwa Wakenya kama arobaini: wauguzi, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli. Ijumaa moja moja, baada ya ibada, wachache wetu tulibeba vyakula tukawapelekea wenzetu waliokwama: aliyeachishwa kazi, aliyetoroka nyumba ya mwajiri, familia iliyotolewa chumbani. Mimi niliwapanga, mifuko mbele, watu nyuma, nikawaomba watabasamu kidogo. Picha zikifika kikundini, mioyo na mikono ya maombi ilimiminika.

Agosti hiyo, mlinzi mmoja wa kikundi alituletea habari za mama Mkenya aliyekuwa kwenye jumba la zamani lililokatwakatwa kwa mbao kuwa vyumba vya kupanga. Mumewe alikuwa dereva wa lori kwenye ujenzi wa mji mpya wa Lusail. Kampuni ikafungwa, vibali vyao vya ukaazi vikaisha muda. Mume akaenda kujibana kwa rafiki yake huko Sanaiya, kwenye makambi ya wafanyakazi, akitafuta vibarua. Kule wanawake na watoto hawaruhusiwi, kwa hiyo mama alibaki na watoto wawili, na mwenye nyumba alikuwa amemwambia awe ameondoka kufikia Jumapili.

Nilipendekeza tumpigie simu tumuulize anahitaji nini. Mwenyekiti wetu, mzee wa makamo aliyesimamia walinzi na ambaye ndiye aliyeanzisha kikundi, alisema mwenye njaa haulizwi. Sikubishana naye. Alikuwa amewalisha watu wengi kabla mimi sijashuka kwenye ndege.

Basi tukaenda watu watano kwa magari mawili. Chumba kilikuwa na godoro, sanduku na feni. Mama alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, alikuwa msusi kabla ya kuolewa. Binti yake alikuwa wa miaka sita, na mgongoni mama alibeba mtoto mchanga ambaye hata meno hajaanza kuota. Tulishusha mchele, unga, maharagwe, mafuta na sukari mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Aliitazama mifuko, kisha akatueleza kwa upole kwamba mwenye nyumba alikuwa amelifunga jiko kwa kufuli tangu wiki iliyopita. Watoto walikuwa wakila mkate na maziwa ya dukani.

Mmoja wetu akasema labda jirani angempikia. Akajibu kwamba majirani wote ni wa jumba hilohilo, na kufuli ni hilohilo.

Kisha akatuomba kitu kimoja. Mtoto mchanga hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuweza kupata hati ya kusafiria, na bila hati wasingeweza kurudi Kenya. Alikuwa ameenda kwenye ofisi ya vyeti mara mbili peke yake, na watoto wawili, bila Kiarabu, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Alitaka mtu mmoja wa kumsindikiza Jumapili asubuhi.

Tukatazamana. Jumapili kila mtu yuko kazini. Mwenyekiti alimwambia ombi lake litajadiliwa kikundini, kisha akaomba tupige picha.

Nikainua simu. Mama akamfunika binti yake uso kwa kiganja.

"Dada, piga mchele," akaniambia. "Mimi na wanangu tuache."

Mwenyekiti akamweleza, bila ukali, kwamba waliochanga wangependa kujua msaada wao umefika wapi.

"Waambie umefika kwa mtu asiye na jiko," akasema mama.

Mwenyekiti akaninong'oneza nimpige basi kwa nyuma, uso usionekane. Nikatia simu kwenye mkoba. Tulipofika kwenye magari, jua likitupiga utosini, nilimwambia yale tuliyofanya mle ndani ni aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka mzima umepiga watu picha," akaniambia. "Leo ndiyo umeona aibu?"

Hasira niliyomwandalia ikanirudia mwenyewe, na ilinikera kwamba alisema kweli.

Jioni niliandika kikundini nikiuliza nani ana nafasi Jumapili. Mikono ya maombi ikaja. Mmoja akaandika kwamba Mungu atamfungulia njia. Mwingine akauliza kama kuna aliyethibitisha kuwa huyo mama ni mke wa ndoa. Hapo kikundi kikachangamka. Watu ambao sikuwa nimewasikia tangu Pasaka wakaandika aya nzima nzima kuhusu ndoa. Ya Jumapili hakuna aliyeigusa.

Nilibadilishana zamu na mwenzangu wa kliniki, Mfilipino asiyemjua huyo mama hata kidogo, ambaye hakuniuliza swali lolote. Jumapili asubuhi tuliacha sanduku lao kwangu. Niliishi na wanawake watatu katika fleti ndogo, na walikuwa wamekubali mama na wanawe wakae siku tatu, kwa shingo upande.

Ofisini tulichukua nambari tukangoja hadi karibu adhuhuri. Karani alituambia panahitajika karatasi ya hospitali. Siku mbili baadaye tukaipeleka, tukaambiwa panahitajika sahihi ya baba. Baba alipopata lifti kutoka Sanaiya, ikagundulika pasipoti yake imebaki kwa mwajiri wa zamani. Nilikuwa nikitoka pale nausukuma mlango wa ofisi kama ulionitukana. Na karani alikuwa mtu mwema. Alimletea mtoto maji, akatuandikia kila kitu kwa Kiingereza, akatuomba radhi. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Siku tatu zikawa wiki tatu. Wenzangu wa fleti wakaacha kunisalimia asubuhi. Siku moja tukiwa jikoni mmoja wao akaniambia, "Wema ni wako, lakini mzigo wake unatulalia sisi sebuleni."

Mama alijua. Alikunja godoro kabla hatujaamka, akaosha vyombo ambavyo hakuvitumia yeye, na mchana aliwapeleka watoto chini kwenye kivuli cha jengo mpaka joto likawarudisha juu. Nilimkataza mara nyingi. Nakiri pia kwamba kuna jioni nilizofika mlangoni nikatamani nisiwakute, na binti alipokimbia kunipokea mkoba, niliona haya.

Hatimaye mwajiri wa zamani aliitoa pasipoti, baba akatia sahihi, cheti kikatoka, na hati za safari zikafuata. Ndugu zake mama walituma tikiti. Kwenye uwanja wa ndege mumewe alimshika mtoto mchanga kwa muda mrefu, kisha akaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Yeye alibaki, akitafuta kampuni ya kumchukua.

Kikundini nilipendekeza kwamba kuanzia sasa tuulize kabla ya kubeba. Mwenyekiti aliliandika kwenye ajenda ya mkutano, na alikuwa na nia njema kabisa. Mkutano uliishia kwenye rangi ya fulana za kikundi.

Miezi michache baadaye mama alinipigia kutoka Nakuru. Nilikuwa kwenye basi nikitoka kazini. Alikuwa anaishi kwa mama mkwe, nyumba imejaa, saluni hazikuwa na nafasi. Mume bado alikuwa Sanaiya, siku ana kibarua, siku hana. Watoto walikuwa wazima. Alinizungusha kidogo kabla hajafika kwenye jambo lenyewe.

"Dada, ukisikia kazi huko, hata ya nyumbani, unikumbuke."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumkumbusha ile ofisi, lile joto, lile godoro. Lakini hayo aliyajua kuliko mimi, na bado alikuwa anauliza. Nikamwambia nitaulizia. Kesho yake, kliniki ilipotulia, niliulizia kweli.