‘Bi Kesho’: Msomi wa mawasiliano anayewahi mitaani kabla ya maji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwanamke aliyevaa buti za mpira zinazompwaya amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, kipaza sauti kwapani, anagombana na karatasi.

“Hili litoke,” anasema, akikata mstari kwa kalamu. “Na hili pia. ‘Matumizi ya binadamu’ ni lugha ya nani? Umewahi kumsikia mama anamwambia mwanawe, njoo uchukue maji kwa matumizi ya binadamu?”

Mafundi watatu walio ndani ya shimo wanacheka, mmoja mpaka anashika kiuno. Shimo lao limekatiza barabara nzima. Bomba kubwa lilipasuka jana mchana, tope likaingia, na sasa limeungwa. Saa tatu asubuhi maji yatafunguliwa. Yatatoka, tena kwa nguvu, lakini hayatakuwa ya kunywa kwa siku mbili.

Karatasi anayoikatakata imeletwa na wahandisi. Inasema wateja wanashauriwa kuyatibu maji ipasavyo kabla ya matumizi ya binadamu hadi hapo watakapotangaziwa vinginevyo. Akimaliza, imebaki hivi: “Maji yanarudi leo Jumanne tarehe 7, saa tatu asubuhi. Usiyanywe hivihivi. Yachemshe mpaka yatokote, yapoe, ndipo unywe. Hata ya kupigia mswaki. Fanya hivyo mpaka Alhamisi tarehe 9, saa kumi jioni.”

Anaisoma kwa sauti mara mbili. Kisha anashuka kwenye ndoo, anapiga moyo konde, anaingia mtaani. Ana muda wa saa tatu na nusu kuzifikia nyumba elfu moja na mia mbili.

Mafundi wanamwita Bi Kesho, na mitaani nako jina ni hilo hilo. Amekwishalizoea. “Mwanzoni lilikuwa linaniuma kweli,” anasema. “Sasa nikiitwa jina langu la cheti naangalia nyuma, nani huyo?”

Ana miaka ishirini na saba na shahada ya mawasiliano. Ni afisa mawasiliano wa mamlaka ya maji, wa kwanza tangu mamlaka hiyo ianzishwe, na huenda akawa wa mwisho. Mkataba wake ni wa miezi sita ya majaribio na unakwisha wiki ijayo. Meneja hajasema kama kiti hicho kitabaki au kitaondolewa, na katika korido za ofisi hiyo wapo wanaosema waziwazi kwamba kingeondolewa, pampu moja ya ziada ingepatikana.

Kabla ya kupata mkataba huo alituma barua za maombi sitini na tatu. Alijibiwa nne. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili alikaa nyumbani kwa wazazi wake, akiamka mapema na kuvaa vizuri kila siku, “ili nisije nikajisahau.”

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kibarua kigumu zaidi. Kwa ndugu zake, mtu aliyesomea mawasiliano ni mtu anayejua simu. Habari za shahada yake zilipoenea, simu zikaanza kuletwa. Zilizopasuka kioo, zilizotumbukia kwenye karai la kufulia, moja iliyotafunwa na mbuzi. Mpaka leo ana boksi chini ya kitanda lenye simu tano na redio moja, zote maiti.

“Shangazi yangu alinipigia akaniambia, mwanangu, mtandao huku unasumbua, hebu panda huko juu ya mnara wenu uutazame,” anasimulia, akijifuta machozi ya kicheko. “Nikamwambia, shangazi, mimi sikusomea minara. Kisha akauliza, sasa miaka yote ile ulikuwa unasomea nini?”

Baba yake hakuwahi kuuliza. Ni fundi bomba wa miaka mingi, wa kuitwa nyumba kwa nyumba, mikono imekakamaa kwa spana. Kwake kazi ni kitu unachokishika, na cha binti yake ni kazi ya mdomo. Majirani wakimuuliza bintiye anafanya nini, hujibu, “Yupo yupo tu maofisini huko.” Binti alikuwa akilisikia jibu hilo kutoka chumbani, na lilikuwa linamchoma kuliko zile barua hamsini na tisa zisizojibiwa.

Alisomea nini hasa? Anapenda kueleza kwa kisa cha shati.

Mwaka wa kwanza, mhadhiri wake alitundika shuka katikati ya darasa. Upande mmoja akasimama Bi Kesho, upande wa pili mwanafunzi mwenzake mwenye shati mezani. Kazi ilikuwa kumwelekeza mwenzake alikunje bila kumwona. Akaanza kwa kujiamini: “Kunja mkono wa kushoto.” Darasa likaangua kicheko. Alipochungulia akamkuta mwenzake amekunja mkono wake mwenyewe, amesimama kama anayengoja kuchomwa sindano. Shati liko vilevile.

“Mhadhiri aliniambia, wewe umesema sawa na yeye amesikia sawa, na shati halijakunjwa. Nenda ukalifikirie hilo miaka mitatu,” anakumbuka.

Darasa hilo lilikuwa na wanafunzi arobaini na wanane na wametawanyika kila kona. Mmoja anasoma habari redioni. Mwingine anaandika matangazo ya sabuni, na anaisifu sabuni mpaka unajiona mchafu. Yuko anayepokea simu za wateja wenye hasira kwenye benki, na yuko aliyeajiriwa hospitalini kuwaeleza ndugu wa mgonjwa, polepole, wanachotakiwa kutia sahihi. Aliyelikunja shati anauza mitumba na anasema shahada haikupotea, kwa sababu sasa anakunja mashati kutwa nzima.

Yeye akaangukia kwenye maji. Na wiki yake ya kwanza nusura imtoe kazini.

Mamlaka ilikuwa inasafisha tangi, ikamwagiza atoe tangazo. Akaandika kwa herufi kubwa za kupendeza: “KESHO HAKUTAKUWA NA MAJI. JAZENI VYOMBO MAPEMA.” Akazunguka na gundi, akabandika nakala thelathini. Gundi ilikuwa nzuri. Tangi likasafishwa siku iliyofuata, maji yakarudi jioni, yeye akarudi zake ofisini kifua mbele.

Matangazo yakabaki ukutani.

Kila aliyepita akasoma kwamba kesho hakutakuwa na maji. Akaenda nyumbani, akajaza ndoo, madumu, mabeseni na sufuria. Asubuhi akakuta maji yapo, akashukuru, akapita tena ukutani, akasoma kwamba ni kesho. Hali ikaendelea hivyo siku tisa. Kule kwenye tangi kina kilikuwa kinashuka kila jioni bila sababu. Wahandisi wakaamini kuna bomba limepasuka chini ya ardhi, wakatuma watu wachimbe.

“Tulichimba mtaa mzima siku tatu,” anasema kiongozi wa mafundi, yule aliyeshika kiuno. “Hatukuona hata tone. Kumbe bomba zima, kilichopasuka ni neno.”

Aliyelifumbua fumbo ni bibi mmoja wa nyumba ya kona, aliyejaza ndoo kumi na tisa mpaka akakosa pa kupita kwenda kitandani. Siku ya kumi alifunga safari hadi ofisini, akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akauliza, “Huyo kesho ni nani hapa?” Alipooneshwa msichana aliyejikunyata nyuma ya meza, sauti ikalegea. “Mjukuu wangu, hiyo kesho yako inafika lini? Maana mimi nimechoka kuingojea.”

Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Yeye alikwenda chooni akalia. Jioni hiyo alizibandua nakala zote thelathini kwa kucha zake, na tangu hapo hajaandika tangazo lisilo na siku, tarehe na saa.

Asubuhi hii ya Jumanne nyumba ya kwanza anayobisha hodi ni ya bibi huyo huyo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Leo kesho imefika?”

“Imefika, bibi, ina mpaka tarehe.” Anamsomea. Kisha hamwachi. “Haya, nirudishie. Nimekwambia nini?”

“Umeniambia nichemshe.”

“Mpaka yafanyeje?”

“Mpaka yapate moto.”

“Hapana, bibi yangu. Yapate moto hata jua linaweza. Mpaka yatokote, yaruke ruke, mfuniko ucheze.”

“Aa! Si ungesema mfuniko ucheze?”

Bi Kesho anasimama hapo hapo, anatoa kalamu, anaandika maneno mawili zaidi kwenye tangazo. Toka nyumba ile hadi ya mwisho, kipaza sauti kinatangaza mfuniko ucheze, na kabla ya saa moja na nusu watoto wanaokwenda shule wanaliimba. Anawaachia waimbe. Hata anawaongoza ubeti mmoja, buti zikipiga lami.

Saa tatu kasorobo anaegemea ukuta, sauti imemkauka, miguu haimtaki. Mtaa wa mwisho umemalizika. Saa tatu kamili, mabomba yanakohoa, yanatema hewa, kisha maji ya rangi ya chai yanatoka. Katika nyumba ya jirani mwanamke anasikika akifoka, “Wewe! Weka chini hicho kikombe! Hujasikia mfuniko?”

Bi Kesho anafumba macho. Anasema kwamba hakuna muziki aliowahi kuupenda kama ule ukelele.

Bomba hilo hilo lilipasuka mwaka jana, kabla hajaajiriwa. Muuguzi wa zahanati ya mtaa anakumbuka kwamba wiki ile walipokea wagonjwa thelathini na saba wa kuharisha, wengi wao watoto. Safari hii, Alhamisi saa kumi jioni, anafungua daftari lake, anatelezesha kidole kurasa mbili, anatikisa kichwa. “Wa maji hayo, hakuna. Nimetafuta, hakuna.”

Meneja wa mamlaka ni mtu wa maneno machache na hapendi kusifu. “Mafundi nawaona wanachounganisha,” anasema. “Huyu binti nilikuwa najiuliza, yeye anaunganisha nini?” Anatazama dirishani. “Nilikuwa najiuliza,” anarudia, safari hii polepole.

Jioni hiyo hiyo anakutana na Bi Kesho kwenye korido. Msichana anapata ujasiri, anauliza kuhusu mkataba. Meneja anatazama saa yake, anaanza kutembea. “Nitakujibu kesho.”

Fundi mmoja anauma kidole asicheke.

“Kesho ya tarehe ngapi, bosi?” anauliza Bi Kesho.

Meneja anasimama. Mabega yanamtikisika, na inachukua muda watu kuamini kwamba anacheka. Anachukua kalamu ya binti mwenyewe, anaandika nyuma ya tangazo moja lililobaki: “Jumanne tarehe 14, saa tatu asubuhi, ofisini kwangu. Uje na vyeti vyako halisi.”

Anayeondolewa kazini haambiwi alete vyeti halisi. Bi Kesho anajua hilo, na anaikunja karatasi taratibu, mara nne.

Akipewa kazi ya kudumu ana mpango tayari. Anataka kila kikosi cha mafundi kiwe na mtu mmoja atakayebisha hodi kabla jembe halijagusa ardhi, na anataka kuwafundisha yeye mwenyewe, kwa shuka na shati. “Mtu akichimbiwa mlangoni bila kuambiwa anaona adui,” anasema. “Akiambiwa mpaka siku na saa, anakuletea stuli ukae.”

Nyumbani anampa baba yake ile karatasi. Mzee anaisoma, anaigeuza, anaisoma na upande wa tangazo, mpaka mwisho. Kisha anainuka, analivuta sanduku lake la spana, kitu pekee chenye kufuli nyumba nzima, anatoa bahasha kutoka chini kabisa. Imetiwa ndani ya nailoni mbili na kuzungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi, ya kuzuia maungio yasivuje.

“Mama yako alikiweka kabatini,” anasema, akimkabidhi cheti chake cha shahada. “Nikaona pale kitaingia maji.”

Asubuhi ya pili jirani anapita getini na kumuuliza baba yake Bi Kesho, kama kawaida, binti anaendeleaje na anafanya kazi gani hasa.

“Yuko kwenye maji, kama mimi,” anajibu mzee. “Ila yeye anatangulia.”